Huenda

Saa sita usiku. Geti kuu, hali shwari.
Miaka tisa naandika hivyo kwenye kitabu cha lindo,
kila saa mstari mmoja, na sahihi pembeni,
na Mtumba haijawahi kunikanusha.
Upepo unavuta vumbi toka upande wa Ihumwa,
unalipepeta chini ya taa, unaliacha.
Simu iko mezani, kioo kikitazama juu,
nisije nikasingizia sikuona.

Daktari alikuwa kijana, mpole, saa yake kubwa kuliko mkono.
Alisema: Mzee, mwili una walinzi.
Nikakaa vizuri. Nilidhani tumefika kwetu.
Kazi yao kuzuia wageni wabaya. Sasa, kwa mwanao,
huenda walinzi hawamtambui tena mwenye nyumba.
Huenda wanampiga yeye.
Nikatazama rungu langu, nimelilaza juu ya mapaja,
nikalisukuma taratibu chini ya kiti.

Huenda, alisema. Damu inakwenda Dar es Salaam,
majibu siku kumi na nne, tutakupigia.
Huenda. Neno gani hili,
linakwenda, linakwenda, halifiki.
Limepanda treni pamoja na kichupa chenye kifuniko cha zambarau,
ubavuni kimeandikwa Damari Ndahani, miaka kumi na tano, ke,
mimi nikabaki na vumbi la stesheni.

Sikuona mapema. Mlinzi mimi.
Alipoangusha sufuria ya mlenda nilimgombeza.
Alipochelewa kuamka nilisema, shule ya bweni itakunyoosha.
Mwalimu wa zamu alimwandika mvivu
kwa kuwa asubuhi vidole vinakataa kukunjika kwenye kalamu.
Wekundu ulipotua mashavuni, huku na huku ya pua,
majirani wa Nkuhungu walinusa mkorogo:
mtoto wa Mbeleje keshaanza kujichubua.
Nikamnyang'anya kopo. Yalikuwa mafuta ya mgando,
yale yale tunayopaka wote.
Akanitazama, hakulia, akaenda kusimama ukutani,
kwenye ule ukanda mwembamba usiofikiwa na jua.

Jua la Dodoma! Utamficha wapi mtu?
Hata kivuli cha mnyaa kina matundu.

Saa nane. Simu imetetemeka, moyo umeruka ukuta.
Mteja wetu, umezawadiwa dakika kumi.
Nani angepiga saa nane? Najua. Lakini niliruka.
Dakika kumi, nimpigie nani?
Shangazi yake wa Hombolo anasema twende kwa mtu.
Mchungaji anasema tufunge.
Mbeleje hasemi. Ameokota nywele kwenye mto wa mtoto,
amezifunga kwenye kipande cha khanga,
hajui azitupe wapi.

Mungu, sikuombi jina zuri.
Nipe jina tu. Jambazi mwenye jina nitamwandika,
nitampulizia filimbi, nitajua dirisha aliloingilia.
Asiye na jina nalala naye chumba kimoja.
Au usinipe. Ngoja.
Usinipe bado.

Saa kumi na moja. Geti kuu,
na hapo kalamu ikasimama.
Nimeacha nafasi. Mkuu wa lindo ataniuliza.

Nyumbani nimemkuta uani na beseni la maji ya moto,
anavifungua vidole kimoja kimoja
kama mtu anayehesabu deni la mwingine.
Baba, wamepiga?
Bado.
Akacheka kidogo: Basi leo bado mzima.
Nikamfunga vifungo vya mikono ya shati, viwili,
nikapanda kwenye kola. Akarudi nyuma hatua moja.
Hicho niachie, nakiweza.

Nikamwachia. Nikasimama pale na sare yangu yenye vumbi,
nisiguse kitu,
alivyokikosa, alivyokikosa tena,
alivyokipata.